Wakala wa bima, niulize kwanza nani ataendesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu ambao mtoto amemaliza kidato cha sita, amepata leseni, na sasa kila jioni anauliza ufunguo wa gari uko wapi. Niseme pia na kampuni za bima, maana hao ndio hasa nina neno nao.

Mimi nauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Nina Toyota IST moja inayonitoa Buhongwa alfajiri na kunirudisha usiku. Mwaka jana mwanangu alitimiza miaka 18, akaenda chuo cha udereva, na mwezi wa 11 akapata leseni ya daraja D. Nilishukuru Mungu. Macho yangu ya usiku yamepungua, na kupita Mkuyuni saa mbili usiku, pikipiki zisizo na taa zikikatiza huku na huku, kulikuwa kunanipandisha presha. Yeye anasoma chuo hapahapa Mwanza, kwa hiyo tukapatana: asubuhi naendesha mimi, jioni ananifuata sokoni kwa daladala na kunirudisha nyumbani.

Bima ilikuwa inaisha mwezi huohuo. Miaka yote nilikata bima ndogo, shilingi 118,000, ile ambayo sheria inamtaka kila mwenye gari awe nayo. Inamlipa mtu uliyemgonga, gari lako unatengeneza mwenyewe. Safari hii nikasema, kijana bado mgeni barabarani, acha nikate bima kubwa, ile inayotengeneza na gari lako mwenyewe. Wakala akaja mpaka kwenye meza yangu sokoni. Gari tukaliwekea thamani ya shilingi milioni 11, akapiga asilimia 3.5 ikaja 385,000, akaongeza VAT ya asilimia 18, jumla 454,300. Nikamwambia wazi kwamba jioni mwanangu ndiye atakayekuwa anaendesha. Akanijibu, "Mama, tukuandike wewe tu, gari si lako? Ukimtaja kijana watakusumbua bure." Wateja wa Kahama walikuwa wamesimama wanasubiri magunia yao, karatasi zenyewe kurasa nyingi za Kiingereza. Nikatia saini bila kusoma. Hilo kosa ni langu na ninalibeba.

Mwezi wa nne mwaka huu, mvua inanyesha, tulikuwa tunarudi. Mimi nimekaa kiti cha pembeni. Daladala iliyokuwa mbele yetu ikasimama ghafla kushusha abiria, kijana akakanyaga breki, gari likateleza. Akakata usukani kushoto, tukampiga bodaboda aliyekuwa pembeni, kisha tukaishia mtaroni. Gunia moja lilipasuka, dagaa wakaruka mpaka kwenye dashibodi. Mpaka leo ukiwasha feni ya gari harufu inatoka. Mwanangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, haachii, ananiuliza, "Mama, amekufa?" Hakufa. Aliumia kifundo cha mguu, tukaenda polisi kuchukua PF3, tukampeleka hospitali, na nashukuru kwamba yeye kampuni ilimlipa matibabu na pikipiki yake.

Kwetu ndiko maneno yalikoanzia. Bampa, rejeta, taa zote mbili na madigadi, gereji ilikadiria shilingi 2,400,000. Mkaguzi wa kampuni alipofika gereji, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani alikuwa anaendesha? Ana umri gani? Leseni ina muda gani?" Mhariri, maswali hayo matatu yalipaswa kuulizwa Mwaloni, siku wanapokea pesa yangu. Waliyauliza tukiwa tumeshaingia mtaroni.

Nilizungushwa wiki saba. Mwisho wakakubali kulipa, lakini wakanionyesha kifungu ndani ya zile kurasa. Kuna sehemu ya hasara ambayo mwenye gari anajibebea kabla kampuni haijatoa chake, wao wanaiita ekisesi. Kwenye mkataba wangu ni asilimia 10 ya madai. Dereva akiwa chini ya miaka 21, au leseni yake haijatimiza mwaka, inaongezwa asilimia 10 nyingine. Mwanangu aliingia kote kuwili. Zikakatwa 480,000, yaani zaidi ya bima yenyewe niliyolipia mwaka mzima. Walisema nina bahati, kwamba kwa kuwa jina lake halikuandikwa wangeweza kukataa madai yote.

Kama ningeambiwa mapema, ningelipa nyongeza jina lake liandikwe, au ningemwambia asubiri mvua za masika zipite kwanza. Mimi si mtu wa kukwepa gharama. Ninachokataa ni kufichwa.

Wazazi wenzangu mnaniuliza sasa ukate bima gani. Mimi naona inategemea gari. Kama ni gari la zamani la milioni nne, tano, ambalo likiharibika utaendelea kuishi, kata bima ndogo, na ile tofauti iweke kibubu cha gereji. Kama gari ndilo linaloleta ugali, kata kubwa, mtaje kijana kwa jina na umri, uandikiwe kwa kalamu kwamba akigonga utabaki na deni gani. Msishushe thamani ya gari ili kupunguza bei, siku ya kulipwa watawakata kwa kipimo hichohicho.

Na wale mnaompa mtoto wa miaka 16 gari akalete vinywaji vya harusi, tafadhalini. Leseni ya gari ni kuanzia miaka 18. Akigonga mtu bila leseni, gari lako halitatengenezwa na bima yoyote, na hata kampuni ikilazimika kumlipa aliyeumia inaweza kukugeukia wewe uirudishie. Hapo huuzi gunia, unauza kiwanja.

Kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambao ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza, ombi langu ni dogo. Walazimisheni mawakala kuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili, juu kabisa ya fomu, unaouliza nani ataendesha, umri wake, leseni yake ya lini, na akigonga mwenye gari atajibebea kiasi gani. Mteja asaini hapo kwanza, kabla ya kutoa pesa. Tunathibitisha bima kwa simu siku hizi, ukurasa mmoja hauwezi kutushinda.

Bima yangu inaisha mwezi ujao, na leseni ya mwanangu itakuwa imetimiza mwaka. Nimepata wakala mwingine. Nimemwambia asije mchana, aje jioni soko likishafungwa, na kijana atakuwepo, tusome kurasa zote tukiwa watatu.

Mama muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza