Tagore, mshairi aliyeshika rangi uzeeni

Wandugu, jambo yenu wote.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tunakutana saa tisa, kwangu Kamalondo kama kawaida. Tutamzungumzia Rabindranath Tagore wa Bengali, India, aliyezaliwa 1861. Nobeli ya 1913 na nyimbo za taifa za India na Bangladesh nitazipitia haraka tu. Ninachotaka tukae nacho ni kaye zake, yaani madaftari yake ya kuandikia.

Mzee huyu akikosea neno, hakulikata tu na kuendelea. Alilizungushia wino, akaliunganisha na kosa la mstari wa chini, mpaka ukurasa ukatoa ndege mwenye mdomo mrefu au mnyama asiye na jina. Mwaka 1924, akiwa Argentina, mwandishi Victoria Ocampo aliyaona makaratasi hayo akavutiwa sana. Ni yeye aliyesaidia kuandaa maonyesho ya kwanza ya picha zake Tagore, Paris, 1930. Tagore alikuwa karibu miaka 70! Hadi anafariki, 1941, alikuwa ameacha picha zaidi ya 2,000.

Alipaka rangi hata kwa vidole na vitambaa. Mimi hapo namkumbuka mchoraji Bela wetu wa hapa Lubumbashi, aliyechora kwa ncha za vidole.

Kila mtu alete kaye yake ya mashairi, ile chafu yenye mikato. Tafadhali msiinakili upya ili ipendeze, kama mara iliyopita. Biki nyeusi ninazo. Mvua ikinyesha, tutaanza saa kumi.