Si mwili wako ulioizoea dawa

Swahiba wangu,

Barua yako ya kwamba homa ya ini C imekurudia baada ya dawa nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye mstari uleule: "Labda mwili wangu umeizoea dawa." Salamu zitakuja baadaye. Kwanza nikutoe hapo.

Mwili wako haukuzoea kitu. Usugu ni wa virusi, na wala havikuupata kwa kufundishwa na vidonge vyako. Inaelekea vile vilivyokushinda vilikuwa ndani yako kabla hujafungua kopo la kwanza.

Wewe unajua mimi nashinda maabara, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kirusi cha homa ya ini C kimebeba maagizo yake yote kwenye uzi mmoja wa RNA, herufi kama 9,600 tu. Kikishaingia kwenye seli ya ini, uzi huo hunakiliwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, polimerasi, nacho ni karani mwenye pupa: anaandika mbio na harudi kusoma alichoandika. Hukosea kama herufi 1 katika kila 10,000 hadi 100,000. Utasema mbona ni kidogo. Lakini mtu ambaye hajatibiwa anaweza kuzalisha virusi trilioni 1 kwa siku! Kwa wingi huo, kila kosa la herufi moja linaloweza kufanyika hufanyika, tena mara nyingi, kila kunapokucha. Kwa hiyo hukuwa na kirusi cha namna moja. Ulikuwa na ukoo mzima, ndugu kwa ndugu, kila mmoja na kasoro yake. Wengi kasoro huwaua. Wachache huwaokoa, kwa sababu imeangukia palepale dawa inaposhika.

Sasa ile "Y93H" uliyoiona kwenye majibu ya kipimo ukaniuliza ni lugha gani. Ni anwani. Kwenye protini ya kirusi iitwayo NS5A, nafasi ya 93, palikuwa na tairosini, ambayo kifupi chake ni Y. Imeondoka, ikakaa histidini, yaani H. Asidi amino moja tu, yaani tofali moja la protini. Ila ledipasvir, nusu ya kidonge ulichokuwa unameza, hufanya kazi yake kwenye protini hiyo, na mabadiliko hayo yanaidhoofisha vibaya. Nusu ya pili, sofosbuvir, haikuguswa. Hiyo hushika polimerasi, na kirusi kinachojibadilisha ili kuikwepa, kwa mfano kwa badiliko liitwalo S282T, hujilemaza chenyewe kiasi kwamba kukiona ni nadra. Ndiyo sababu dawa hizi hazitolewi moja moja: kosa moja hupatikana kila siku, ila makosa mawili au matatu yanayofaa, kwenye uzi mmoja ambao bado una nguvu ya kuzaa, ni bahati adimu.

Kwako dawa ilifagia wengi, hata kipimo cha mwisho wa wiki 12 kikasema havionekani. Havikuonekana, lakini havikuwa vimekwisha. Masalia yakarithi ini zima.

Na zile siku mbili ulizosahau kumeza? Mbili kati ya 84, sidhani kama ndizo zilizokuangusha. Acha kujihukumu. Lakini vile vidonge viwili vilivyobaki, usivimeze sasa "ili kumalizia"! Kazi pekee vitakayofanya ni kuua vile dhaifu na kuviachia sugu nafasi.

Utasikia kwamba usugu hufifia ukisubiri. Kwa ule wa dawa za kuzuia protiezi, kimeng'enya cha kirusi kinachokata protini zake, ni kweli mara nyingi, maana virusi hivyo ni goigoi na huzidiwa na ndugu zao ndani ya miezi. Wa NS5A, kama wako, hauvipunguzii virusi nguvu sana, na unaweza kukaa miaka. Basi usisubiri.

Kilichopo ni mchanganyiko wa dawa tatu, sofosbuvir, velpatasvir na voxilaprevir, wiki 12 tena. Ile ya tatu hushambulia protiezi, mahali ambapo virusi vyako havijawahi kuguswa. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 waliorudiwa na ugonjwa kama wewe hupona kwa njia hiyo. Na kupona ni kupona: kirusi hiki hakijifichi kwenye vinasaba vyako kama kinavyofanya cha UKIMWI, kwa hiyo kikishafutika hakina pa kurudia.

Jambo moja muulize daktari kabla: hali ya ini lako. Kama lina makovu yaliyofika hatua ya kujaza maji tumboni, voxilaprevir haifai, na itabidi njia nyingine. Nenda na ile karatasi ya majibu, yote, usiinakili kwa mkono.

Wasalimie nyumbani. Niandikie ukishatoka kwake, hata kama ni mistari miwili.

Ni mimi, wako wa siku zote.