Mhariri, hizo mita 2 za mawimbi sio mita 2

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mvuvi wa Mafia, natoka na ngalawa, jarife (wavu mkubwa wa kutega usiku) mara nyingi na siku nyingine mshipi, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu asubuhi kama bando lipo maana la karatasi likifika huku ni la kufungia samaki. Nataka kuongelea kile kiboksi cha hali ya hewa pale chini, mnapoandika upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2.

Hilo neno "yanayofikia" ndo linalotuponza. Mvuvi akisikia yanafikia mita 2 anajua mwisho ni hapo, hakuna wimbi litakalozidi. Mjomba wangu, mzee wa jahazi huyo, aliposikia redioni akacheka akasema mita 2 si ni mie hapa na kofia yangu, sasa mie nimtishe nani? Na sisi vijana wake tukacheka tukatweka tanga.

Ilikuwa Julai, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, limekaza, tukatoka upande wa nje wa kisiwa. Kwa masaa kama manne bahari ilikuwa vile vile tulivyoambiwa, ngumu lakini inaendesheka, kisha likaja moja halifanani na wenzake, sikuona hata lilikotoka, mrengu (ubao wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke) wa upande wa joshini, unakotoka upepo, ukakatika, jarife likaenda, tukakumba maji kwa ndoo mpaka alfajiri. Wote tulirudi, alhamdulillahi. Ila mjomba tangu siku hiyo kofia haitaji tena.

Baadae akaja mtaalamu mmoja wa hali ya hewa kwenye semina hapa dikoni, tunapoegesha vyombo, nikamuuliza, bwana, mlisema mita 2, lile lililotupiga mimi nakuapia lilikuwa mita 3 na ushee, mlikosea? Akasema hatukukosea. Akachora ubaoni. Kumbe urefu wa wimbi kwenye utabiri wa bahari, dunia nzima sio hapa kwetu tu, sio urefu wa wimbi kubwa kuliko yote. Wanachukua theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa makubwa, wanatafuta wastani wake, huo wastani ndo unaandikwa mita 2. Wastani, mhariri! Maana yake katika kila mawimbi 7 hivi, moja linapita hiyo mita 2. Katika 100, moja linafika mita 3. Na ukikaa mpaka yapite kama elfu mbili tatu, kuna moja litakaribia mita 4. Sasa piga hesabu mwenyewe, mawimbi ya upepo yanapita kila sekunde 6 au 7, saa moja zaidi ya 500, mtu wa jarife analala baharini usiku mzima. Hilo la mita 4 sio bahati mbaya, lina miadi na wewe.

Niliumia kusikia hivyo kwa sababu ni kitu cha sentensi moja, hakihitaji satelaiti, na hakuna aliyewahi kutuambia.

Kingine ni maji, yaani kujaa na kupwa. Kiboksi kinaandika upepo na mawimbi basi, pwani nzima kuanzia Tanga mpaka Mtwara mstari mmoja, na hiyo ni kama kilomita 800. Sasa njoo hapa Mafia. Upande wa Kilindoni unatazama delta ya Rufiji, kisiwa kinakukinga, upande wa pili ni bahari kuu yenyewe, siku hiyo hiyo upepo huo huo, huku watoto wanaogelea huku watu wanazama. Halafu kuna mlango wa Kinasi, njia nyembamba ya kutokea bahari kuu. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakitoka pale yanatoka kama mto, yakikutana na mawimbi ya kusi yanayoingia yanasimama wima, hayaviringiki tena, yanavunjika hapo hapo. Saa hiyo hata mita 1 ya kwenye kiboksi usipite. Subiri maji yasimame, au yaanze kujaa, unapita unapiga stori. Kwahiyo saa za kujaa na kupwa zikikaa pembeni ya upepo zinaokoa mtu, zikikaa ukurasa mwingine hakuna anayeziunganisha.

Na kaskazi nalo, ule upepo wa kutoka kaskazini, watu wanalidharau eti ni upepo wa upole. Mkondo wa bahari kwenye pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi upepo na mkondo wanakwenda pamoja, wakati wa kaskazi upepo unakuja usoni kwa mkondo. Ndo maana Januari unaweza kukuta upepo mdogo tu na bahari imekunjamana mawimbi mafupi ya karibu karibu yanakutapisha. Wazee wanalijua hili bila ubao.

Sisemi wazee wanajua kila kitu. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya hakuna mzee hapa aliyekuwa na dalili yake, wengine walisema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, ingawa Lindi ilipigwa 1952 na Unguja 1872. Tulitangaziwa mapema, boti za Dar na Zanzibar zikasimama, sisi tukavuta vyombo juu, na kikaja kweli kuangukia jirani na hapa usiku wa tarehe 4. Siku ile nilimheshimu mtu wa hali ya hewa kuliko nahodha yeyote. Kwahiyo msinielewe vibaya, utabiri nauamini, ndo maana nataka niuelewe.

Sasa ombi langu. Pale kwenye kiboksi ongezeni maneno machache tu: "baadhi ya mawimbi yanaweza kufika karibu mara mbili ya urefu huu". Mkipata nafasi wekeni na saa za maji, na mseme ni bamvua au maji mafu (yale yasiyojaa wala kupwa sana). Na wenzenu wa redio mkionana nao waambieni sisi wa usiku tunaondoka dikoni saa 11 jioni, wao utabiri wanausoma baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, wakati huo mimi niko nje simu haishiki na nyumbani mke wangu ndo anasikia kwamba kesho nisitoke.

Hata wakiusoma saa 10 jioni mara moja tu, tutausikia wote, tunakuwa hapo hapo dikoni tunapanga nyavu na redio inaimba taarab.

Wenu,
Mvuvi, Mafia