YAH: Cheti cha saa ya babu, na mng'arisho ambao sikuuomba

Kwa meneja,

Salaam. Naandika toka Ujiji, Kigoma. Mimi ndo yule mteja wa saa ya mfukoni ya fedha, ile ya cheni, niliyowatumia kwa basi mniambie ni ya lini na imetengenezwa wapi, maana familia tunataka kuiuza tugawane na hakuna anayekubali bei ya mwenzake. Hela mliyotaka nililipa yote na risiti ninayo. Naomba msome mpaka mwisho, kwenye simu kila nikianza kueleza nahamishiwa kwa mtu mwingine.

Ripoti ya kwanza mlisema saa ni ya Kijerumani, ya baharia wa meli ya Graf von Götzen, eti kwa sababu ndani ya mfuniko kuna nanga. Jamani! Hiyo meli mnataka kutufundisha sisi? Ndo Liemba, imejengwa Papenburg 1913, ikaletwa vipande vipande ikaungwa hapahapa Kigoma, Mjerumani mwenyewe akaizamisha 1916 na Mwingereza akaja kuiibua 1924. Nanga ya kwenye fedha ya Kiingereza haihusiani na meli yoyote, ni alama ya ofisi ya Birmingham ya kupima fedha, ilianza 1773, na Birmingham hata bahari haina. Inasemekana watu wa Birmingham na wa Sheffield walipokuwa wanafuatilia kibali chao London walikuwa wanakutania kwenye baa ya Crown and Anchor, basi mmoja akaondoka na nanga na mwingine taji. Ingekuwa fedha ya Mjerumani ya wakati huo mngekuta mwezi mwandamo na taji, na namba kama 800, ndo sheria yao toka 1888.

Pembeni ya nanga kuna simba anatembea, kanyanyua mguu wa mbele, nyie mmeandika "chui". Huyo simba ndo anawaambia kwamba fedha ni sterling, sehemu 925 kwa 1000. Alafu kwenye mashine pamechongwa kabisa Waltham, Mass., yaani Marekani. Kava la Mwingereza, mashine ya Mmarekani, huyo Mjerumani katokea wapi?

Nikalalamika, mkaleta ripoti ya pili na bili ya pili. Safari hii Birmingham mmeikubali, ila mnasema ile herufi n iliyogongwa kuonyesha mwaka ni ya 1912, na sababu yenu ndo imenichosha zaidi: haina kichwa cha malkia, na kichwa kilifutwa 1890, kwa hiyo lazima iwe ya baada ya hapo. Kichwa cha mfalme au malkia kilikuwa kinaonyesha kodi ya fedha imelipwa, kilianza 1784 na kweli kikafutwa 1890, hapo siwapingi. Lakini makava ya saa yalisamehewa hiyo kodi toka 1798! Kwa hiyo kukosa kichwa kwenye saa ya mfukoni hakuthibitishi chochote, na kampuni inayojiita ya wataalamu ilitakiwa ilijue hilo kabla ya kuchukua hela ya mtu.

Herufi nayo hamkuiangalia vizuri. Birmingham walikuwa wanabadilisha herufi kila mwaka mwezi wa saba, zikiisha wanaanza upya kwa mwandiko mwingine. n ya 1912 ni ya kawaida kama ya gazetini. Ya kwetu ni ya Kigothi, ya pembe pembe, na huo ni mzunguko ulioanza na a mwaka 1875, j wanairuka, hesabuni kwa vidole mtafika 1887. Fundi saa mmoja wa Mwanga, hapahapa Kigoma, kaiona kwa lenzi yake ya jichoni kabla hata chai haijapoa. Na kwa vile alama zinasema umri wa kava tu, mashine inaweza kubadilishwa, akaangalia na namba ya mashine kwenye orodha za Waltham, nayo ikaangukia miaka hiyohiyo.

Hayo yote ningeyameza. Ila saa imerudi inang'aa kama sufuria la dukani, nani aliwatuma muing'arishe? Simba sasa hivi hana uso, n imepoteza ncha zake, na vile vialama vidogo ambavyo mafundi wa zamani wanakwaruza kwa sindano ndani ya mfuniko kila wakiisafisha, vikiwemo vya fundi wa babu wa Tabora enzi yuko relwe, vimefutika vyote. Mnunuzi anayejua vitu hivi akiona alama zimelika anashusha bei hapohapo. Picha za kabla ninazo na nimeziambatanisha, simba anaonekana mpaka manyoya ya shingo.

Nataka hela ya ripoti zote mbili irudi, cheti cha Götzen mkifute kwa maandishi kwa sababu shemeji yangu ameshaanza kukipiga picha na kukirusha kwa wanunuzi na anataka bei ya meli nzima, mtoe kingine chenye Birmingham 1887 mpaka 1888, na mng'arisho mniambie mnanifidia vipi. Hela itumeni kwa namba ileile niliyolipia, jina litatoka la mke wangu, msishtuke.

Wenu,
Mteja wa Ujiji