Anayesaini hoja za kisheria awe amezisoma hukumu alizozitaja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi mawakili tunalinong'ona kwenye korido za mahakama, ilhali linamhusu kila mwananchi mwenye shauri. Hoja za kisheria sasa zinatungwa na akili mnemba na kuwasilishwa mahakamani bila aliyezisaini kufungua hata hukumu moja kati ya zile zilizotajwa ndani yake.

Wanaofuatilia habari za nje wanalikumbuka shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, lililokuwa mbele ya mahakama ya New York. Mdai alilalamika kwamba goti lake liliumizwa na kitoroli cha chuma cha kuhudumia abiria ndani ya ndege. Wakili wake aliiachia ChatGPT kazi ya kutafuta maamuzi ya kumuunga mkono, nayo ikamletea mashauri ambayo hayajapata kuwapo duniani, yakiwa na majina ya majaji na dondoo za hukumu; na alipoiuliza kama shauri mojawapo ni la kweli, ikamhakikishia kuwa ni la kweli. Juni 2023 Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili wawili pamoja na kampuni yao faini ya dola 5,000. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza nayo ikatoa uamuzi uliogusa madai dhidi ya benki moja ya Qatar, ambamo kati ya rejea 45 zilizowasilishwa, 18 hazikuwapo kabisa. Huko utafiti ulifanywa na mteja mwenyewe, na wakili akaupokea na kuupeleka mahakamani. Hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana ndilo linalokaribiana na hali yetu.

Kwetu Tanzania, wadaawa wengi hawana wakili. Mtu aliyeshindwa shauri la kiwanja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huenda steshenari iliyo jirani na mahakama, akamsimulia kijana wa kompyuta yaliyomsibu, akachapiwa sababu za rufaa kwa shilingi elfu chache. Kazi hiyo tangu zamani ni ya vishoka, yaani wanaofanya kazi ya wakili bila kuwa mawakili, lakini kishoka alijulikana kwa maandishi yake: vifungu vimechanganywa, malalamiko yametangulia mbele ya hoja, na hakimu alitambua mapema kwamba anasoma nini. Leo simulizi hiyo huingizwa kwenye simu, ikatoka hati iliyonyooka, yenye lugha ya kiofisi na namba za mashauri zilizopangwa vizuri kama zimetoka kwa mwanasheria wa miaka ishirini kazini.

Hati ya namna hiyo nililetewa na mama mjane anayegombea shamba na shemeji zake. Ilitaja uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliodaiwa kumaliza kabisa suala la mjane na shamba la marehemu mumewe. Nilipoitafuta namba ile TanzLII, tovuti inayohifadhi hukumu za mahakama zetu, ilinifungulia rufaa ya kesi ya mauaji. Wadaawa si wale, hoja si ile, hata mkoa si ule. Kilichonisikitisha kuliko namba hiyo ni yale yaliyoachwa. Mama yule ana majirani wa mpaka waliomwona akilima hapo miaka yote, na ana karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Katika kurasa zile zote hakuna hata sentensi moja iliyotaja mashahidi hao wala karatasi hiyo.

Sababu yake haina uchawi. Programu hizi, zikiachwa zijibu zenyewe, haziendi masjala kupekua majalada. Zinakadiria neno gani linaelekea kufuata neno gani, kutokana na maandishi mengi yaliyotumika kuzifundisha, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza na ya nchi nyingine. Isitoshe, Toleo la Urekebu la mwaka 2023 la sheria zetu, yaani sheria zilizochapishwa upya zikiwa na marekebisho yake, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha namba za vifungu katika sheria kadhaa, kwa hiyo hata jibu lililokuwa sahihi juzi linaweza kukupeleka kwenye kifungu kisichohusika.

Sisemi teknolojia hii ipigwe marufuku. Mahakama yetu yenyewe imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba kunukuu na kutafsiri mienendo ya mashauri, na yeyote aliyemwona hakimu akiandika kwa mkono kila neno la shahidi atashukuru. Mimi huitumia kupanga tarehe za matukio katika jalada refu, baada ya kuondoa majina ya wateja, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi hainiruhusu kutoa siri za mteja bila ridhaa yake, na sioni kwa nini seva iliyoko ng'ambo ihesabiwe kuwa si mtu wa nje.

Ninachoomba ni kwamba Jaji Mkuu atoe mwongozo unaomtaka kila anayesaini hoja za maandishi athibitishe, katika hati hiyohiyo, kuwa amezisoma hukumu alizozitaja, na aambatishe nakala ya kila moja. Wapo watakaosema ni kuongeza makaratasi masjala. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zinapatikana TanzLII bila malipo, na asiyeweza kuipata hukumu anayoitegemea hana sababu ya kuitaja.

Hata hivyo, adhabu zisilingane. Wakili aliyekula kiapo akileta uamuzi wa kubuni, afikishwe mbele ya Kamati ya Mawakili bila kusubiri mara ya pili. Mwananchi aliyechapiwa hati steshenari asitupiwe rufaa yake nje kwa kosa hilo; apewe muda wa kuirekebisha, na aelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao nao wanahitaji kufundishwa kutafuta hukumu mtandaoni. Masjala ikitenga kompyuta moja kwa kazi hiyo, pamoja na karani wa kuelekeza, mdaawa ataweza kuhakiki namba zake kabla ya kusajili hati.

Wakili wa kujitegemea,
Morogoro