Malalamiko kuhusu kunyimwa kadi ya P9 (hati ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa kwa mwaka) ya marehemu mume wangu

Nakuru, 12 Januari 2026

Kwa Meneja wa Rasilimali Watu,

Ninaandika kama mjane na msimamizi wa mirathi ya marehemu mume wangu, aliyeitumikia kampuni yenu kwa miaka 14, kwanza katika karakana na baadaye katika stoo, baada ya mguu wake wa kulia kukatwa mwaka 2021 kwa sababu ya kisukari.

Mume wangu aliposajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, aliomba na kupewa cheti cha msamaha wa kodi ya mapato, ambacho kisheria huondoa kodi katika shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi. Mshahara wake ulikuwa shilingi 85,000, kwa hiyo hakupaswa kukatwa kodi ya PAYE, ile ambayo mwajiri huikata katika mshahara, hata senti moja. Nakala ya cheti hicho mliipokea tarehe 2 Machi 2022, na muhuri wa ofisi yenu umo juu yake. Hata hivyo, hati zake za mshahara, ambazo alizitunza zote ndani ya bahasha moja, zinaonyesha kwamba kuanzia Machi hadi Oktoba mliendelea kumkata shilingi 17,598 kila mwezi, jumla shilingi 140,784. Aliuliza mara tatu, na kila mara aliahidiwa kwamba makosa yatarekebishwa mwezi unaofuata. Mwanzoni mwa Novemba alifariki.

Sikuja kwenu mapema kwa kuwa shauri la mirathi lina hatua zake: tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, muda wa pingamizi, kisha miezi ya kusubiri hati ya usimamizi ithibitishwe na mahakama. Nilipoipata, nilikwenda katika ofisi ya kodi, nikaelezwa kwamba dai la kurudishiwa kodi litahitaji kadi ya P9 ya mwaka 2022 pamoja na barua ya mwajiri inayokiri kwamba makato yalifanywa ilhali cheti kilikuwapo.

Nimefika katika ofisi yenu mara nne tangu Juni mwaka jana. Mara ya kwanza karani aliniambia kwamba P9 hutolewa kwa mwajiriwa mwenyewe tu, na kwamba aiombe kwa barua pepe yake ya kazi. Nilikuwa nimeshika cheti cha kifo mkononi. Ofisi iliyonijibu hivyo ndiyo iliyoniletea rambirambi nyumbani na kutoa basi la kuwapeleka wenzake mazishini, nami naona uchungu kwamba jina lake limesahaulika upesi namna hiyo. Mara zilizofuata niliambiwa kwamba faili limo kwa wahasibu, kisha kwamba mhusika yuko likizoni, na mwishowe kwamba nikadai pesa zangu serikalini.

Naomba ieleweke kwamba sidai fedha kutoka kwenu. Najua kodi hiyo mliiwasilisha serikalini na kwamba huko ndiko itakakorudishwa. Ninachodai ni karatasi mlizo nazo ninyi peke yenu, na ambazo bila hizo siwezi kupiga hatua. Sheria ya Urithi inamtambua msimamizi wa mirathi kuwa ndiye anayesimama mahali pa marehemu, kwa hiyo jibu la kwamba aje mwenyewe halina msingi.

Muda nao hausubiri. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 kinatoa miaka mitano ya kuomba marejesho tangu kodi ilipolipwa kupita kiasi, maana yake makato ya Machi 2022 yatapotea mwaka ujao, na baada yake yatafuata ya Aprili na Mei, mwezi baada ya mwezi. Kwenu huenda ni kiasi kidogo. Kwangu ni karo ya kijana wetu wa mwisho, aliye kidato cha tatu.

Naomba ndani ya siku 14 mnipatie kadi ya P9 ya mwaka 2022, barua ya kukiri makato hayo, na uthibitisho kwamba taarifa zenu za PAYE za miezi hiyo minane zimesahihishwa katika iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Siku hizo zikipita bila jibu, wakili wangu atawaandikia.

Nimeambatisha nakala za cheti cha kifo, hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa, cheti cha msamaha chenye muhuri wenu, na hati nane za mshahara.

Wako mwaminifu,

Mjane na msimamizi wa mirathi ya marehemu