Neno Moja la Penseli: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, kama sisi tulivyo huku. Barua yako niliipokea nikaisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mama anayetaka kujua hali ya mwanawe, na mara ya pili kama msomaji anayetaka kujua mwenzake amekionaje kitabu. Nimefurahi kwamba ile riwaya ya upelelezi niliyokutumia umeimaliza, tena nilicheka peke yangu nilipofika pale unapokiri kwamba mpaka sura ya 17 ulikuwa tayari kuapa kwamba muuaji ni yule mwuza dawa. Kicheko hicho kina sababu yake, na nitakueleza kabla sijaweka kalamu chini.

Kwanza nina ombi. Barua hii usiitumie kuwekea alama ya ukurasa, kama ilivyo desturi yako na kila karatasi unayoandikiwa. Unaniambia kwamba wasomaji wenzako sita wanataka kukisoma kitabu hicho hicho kwa zamu, na barua iliyosahauliwa katikati ya riwaya ya upelelezi inaweza kuharibu siku kumi za msomaji asiye na kosa lolote. Kwa tahadhari hiyo sitamtaja muuaji humu, ingawa sote wawili tunamjua.

Umeuliza kama si kumdhulumu mwandishi, watu saba kusoma nakala moja, tena ya mtumba. Kisheria hakuna dhuluma. Huko Marekani mchapishaji mmoja aliwahi kuchapa ndani ya riwaya yake onyo kwamba muuzaji yeyote asiiuze kwa chini ya dola 1, na duka moja kubwa likaiuza kwa senti 89. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, nayo mwaka 1908 ikaamua kwamba nakala ikishauzwa mara ya kwanza, mchapishaji hana tena mamlaka ya kumpangia mwenye nakala ataiuza vipi. Nchi nyingi zina kanuni ya namna hiyo. Kilichokatazwa ni kuizalisha nakala, yaani kuitoa fotokopi ili wote sita wasome kwa wakati mmoja, na ninakuomba usikubali hata kama mwenzenu mmoja ataleta hoja hiyo kwa nia njema. Kama dhamiri bado inakusuta, changeni mnunue kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo kikiwa kipya.

Kuhusu hali ya kitabu chenyewe sina mengi. Karatasi zake zimegeuka manjano kwa sababu zimetengenezwa kwa massa ya mbao, na dutu iliyomo ndani ya mbao hugeuka rangi kwa mwanga na hewa. Si uchafu, wala mtu asijaribu kuzipangusa kwa kitambaa chenye maji. Mgongo umeshikwa kwa gundi tupu, haukushonwa, kwa hiyo anayekifungua mpaka kikalala chali mezani ataisikia gundi ikikatika, na baada ya hapo kurasa zitaanza kutoka moja moja. Zikitoka, msizibandike kwa selotepu, maana baada ya miaka michache huacha doa la kahawia lisilotoka. Na kila anayekipokea ahesabu kurasa za mwisho mbele ya anayekabidhi. Nasema hivyo kwa uchungu, kwani niliwahi kusoma riwaya moja ya upelelezi kwa usiku tatu, na mpelelezi alipowakusanya wote sebuleni na kunyanyua kidole, nikafunua ukurasa nikakuta jalada. Mpaka leo sijui alimnyooshea nani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana naona umeliuliza kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni dogo. Unataka kujua mtakipitishaje kitabu kimoja kwa watu sita wanaoonana kila siku bila mmoja kumharibia mwingine.

Ukimwazima mtu kitabu cha mapishi, akishakisoma kitabu kinabaki vile vile. Riwaya ya upelelezi unapomkabidhi mwenzako unampa karatasi pamoja na kutojua kwake, na hicho cha pili hutumika mara moja tu. Hamtaweza kumrudishia. Kila mnapokuwa na nakala moja, kuna mtu mmoja anayejua yote, mmoja anayejua nusu, na wengine wasiojua lolote, nao wote wanakaa meza moja wakizungumza. Anayeharibu mara nyingi si mropokaji. Mropokaji mnamjua, na mtamweka wa mwisho katika zamu. Anayeharibu ni mtu mwungwana anayefikiri amesema neno la jumla. Katika kikundi changu cha zamani alikuwako mama mmoja mpole sana ambaye, alipoulizwa kitabu kilikuwaje, alijibu kwamba alimhurumia mno yule mjane. Hakutaja kosa wala hatia, lakini wanne tuliobaki tulisoma kurasa zaidi ya 300 tukijua kwamba mjane si muuaji, kwa sababu hakuna amhurumiaye muuaji kwa sauti ile. Mwingine alisema tu kwamba mwisho utatushangaza. Basi kila aliyeonekana mwovu tukamtoa katika hesabu mapema, tukaanza kuwachunguza watu wema, na tukampata mhalifu katika sura ya 6 bila kutumia dokezo hata moja aliloliweka mwandishi.

Kwa hiyo wapeni wanaomaliza jibu moja la kusema, na wote walijue tangu mwanzo: "Nimemaliza." Basi. Sifa na lawama zisubiri.

Lakini kunyamaza kwa siku 60, ikiwa kila mtu atapewa siku kumi, ni kazi ngumu, na mtu aliyejaa maneno hutafuta pa kuyamwaga, kisha huyamwaga kwenye pambizo za kitabu. Ndiyo maana sisi tulibandika bahasha ndani ya jalada la nyuma. Kila msomaji, akifika mwisho wa sura ya tatu kutoka mwisho, alifunga kitabu, akaandika katika kikaratasi jina la anayemshuku na sababu zake, akakikunja na kukitumbukiza ndani ya bahasha, ndipo akaendelea. Bahasha ilifunguliwa siku ya mwisho, wote tukiwapo. Nakuhakikishia, mwanangu, kwamba saa mbili za kusoma vikaratasi vile zilikuwa na raha kuliko vitabu kadhaa tulivyovisoma. Mtu mzima mwenye heshima zake alikuwa ameandika ukurasa mzima kuthibitisha kwamba muuaji ni farasi.

Riwaya hii yenu inadai uangalifu zaidi kwa sababu ni ya kihistoria. Mwandishi wa namna hii amefungwa na ahadi mbili. Ametuahidi kutotuficha vidokezo, na ametuahidi pia kutomsaidia mpelelezi wake kwa vitu ambavyo zama zile hazikuwa navyo. Mambo yanatukia London mwaka 1752, wakati ambapo polisi wa mji huo hawakuwa wameundwa bado. Walikuja mwaka 1829. Alichokuwa nacho hakimu ni watu wachache wa kuwakimbilia wezi, kama wale alioanza kuwatumia hakimu Henry Fielding katika mtaa wa Bow Street mwaka 1749. Alama za vidole hazikuwa na ofisi yake London mpaka mwaka 1901. Hata sumu ya arseniki, ambayo ndiyo iliyomuua yule tajiri wa nguo, haikupata kipimo cha kutegemewa cha kikemia mpaka James Marsh alipotangaza chake mwaka 1836. Mpelelezi anabaki na macho, pua na maswali.

Hapo kwenye pua mwandishi amefanya kazi nzuri. Unakumbuka daktari anavyoutupa unga mweupe juu ya chuma chekundu cha moto, akainama kunusa moshi, akasema unanuka kitunguu saumu? Hilo hakulitunga. Mwaka huo huo wa 1752, katika kesi ya Mary Blandy aliyeshtakiwa mjini Oxford kwa kumwekea baba yake arseniki ndani ya uji, daktari Anthony Addington alieleza mbele ya mahakama majaribio ya namna hiyo. Mwanamke huyo alinyongwa mwezi Aprili. Ningependa wenzako walijue jambo hili, lakini baada ya kumaliza, kwa sababu anayeijua kesi ile ataanza kuwatazama mabinti wote wa riwaya kwa jicho baya, na humo wamo watatu.

Habari ya kalenda ni tofauti. Mwandishi mwenyewe ameieleza waziwazi katika sura ya kwanza, kwa hiyo kuitaja si kuvujisha. Uingereza ilikuwa bado ikifuata kalenda ya Julius ilhali Ufaransa ilikwisha kuhamia ile ya Gregori, tunayoitumia leo, tangu mwaka 1582, na Waingereza walipoamua hatimaye kubadili, walilala Jumatano tarehe 2 Septemba 1752 wakaamka Alhamisi tarehe 14. Tarehe zote 11 za katikati hazikuwahi kuwapo nchini mwao. Mtu akikuonyesha barua inayodaiwa kuandikwa London tarehe 8 Septemba mwaka huo, una haki ya kumwuliza maswali, na mojawapo ni kama mwandikaji hakuwa amezoea kuhesabu siku zake mahali pengine. Nakomea hapo; wewe unajua inakoelekea. Ninalopenda ni kwamba dokezo lote limelala wazi mbele ya msomaji, katika ukurasa ambao wengi huupita haraka wakidhani ni maelezo ya historia tu.

Kosa nimelipata moja, katika sura ya 14, pale mtumishi anapowasha mshumaa kwa kijiti cha kiberiti. Viberiti vya kukwaruza viliuzwa mara ya kwanza na John Walker mwaka 1827. Miaka 75 mapema ni mingi. Nililiandika kwenye kikaratasi wala si kwenye pambizo, na ukikitafuta utakiona kimebanwa kwenye jalada la nyuma. Katika watu sita hakosi mmoja atakayeliona kosa hilo mwenyewe, naye atataka kulitangaza siku hiyo hiyo. Mwambieni aliandike kwenye kikaratasi, akitumbukize ndani ya bahasha kama wengine.

Na hapa ndipo penye kicheko changu.

Nilipokinunua kitabu hiki, nilikuta aliyekisoma kabla yangu ameandika kwa penseli katika ukurasa wa 58, pembeni ya jina la mwuza dawa, neno moja: "Ndiye." Amelipigia mstari mara mbili, na mstari wa pili amekandamiza mpaka karatasi imebonyea kwa nyuma. Nilikasirika kiasi cha kutaka kukirudisha. Kisha nikaendelea kusoma kwa kinyongo, nikimtazama mwuza dawa kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa, nikiokota kila neno lake na kulifanya ushahidi: kwa nini aliosha mikono mapema vile, kwa nini daftari lake la mauzo lilikuwa na ukurasa uliochanwa. Nilipofika sura ya mwisho na kukuta si yeye, nilikaa kitako kwa muda nikiwa na kitabu mapajani. Msomaji yule alikuwa amekosea. Aliandika neno lake kwa hakika yote ya ukurasa wa 58, na alipoumaliza ukurasa wa 312 hakurudi kulifuta. Huenda aliona haya, au huenda alikiacha kitabu njiani na mpaka leo anaamini alipata.

Pambizo nyingine zote nilizisafisha kabla sijakutumia kitabu, lakini neno lile nililiacha, na nakiri kwamba nililiacha kwa makusudi. Nilitaka kuona kama nawe ungelitii. Ulilitii mpaka sura ya 17, sawasawa na mama yako, ambaye ilimchukua mpaka ya 19.

Sasa nimeshindwa kuamua kuhusu wenzako sita. Ukiliacha neno lile, utakuwa umewanyima nafasi ya kukutana na mwuza dawa bila kusikia fitina juu yake, jambo ambalo mwandishi alilipanga kwa ustadi na wewe na mimi hatukulipata. Ukilifuta, utakuwa umemfuta msomaji mmoja kamili, aliyekuwa humo kabla yetu na aliyetufanya tukisome kitabu kingine kabisa, ambacho mwandishi hakukiandika. Mimi moyo wangu unaelekea upande wa kufuta, ila mkono ulikataa.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea raba ndogo, ile laini isiyochubua karatasi. Ukiamua kuitumia, sugua kwa kuelekea upande mmoja tu, na ushikilie ukurasa kwa kidole karibu na mgongo, maana gundi pale kwenye 58 imeanza kulegea. Kisha unijulishe ulichofanya, na bahasha ya vikaratasi ikishafunguliwa, unihesabie ni wangapi waliomwandika mwuza dawa.

Ni mimi,
Mama yako